Sikio Lililotiwa Maji

Wageni wa Jumapili walikuja na sukari, na kila aliyekuja na sukari alitaka kuuona mguu. Albano hakuwa na hiana. Alikuwa ameketi juu ya mkeka sebuleni kwa dada yake, Temeke, mgongo kauegemeza ukutani, na kila mgeni alipopata pa kukaa aliifunua shuka akaonyesha bandeji iliyoanzia chini ya goti na kuishia pale ambapo vidole vilikuwepo zamani. Wanawake walisema, "Yesu wangu." Wanaume waliguna, kisha wakatafuta kitu kingine cha kutazama.

"Ilikuwaje hasa?" aliuliza mzee Benedikto, katekista, ambaye alikuwa ameshasikia habari yote kanisani lakini alitaka kuisikia kwa mwenyewe.

Albano akaanza upya. Alikuwa kibarua katika kiwanda cha sufuria cha Sadruddin, Barabara ya Pugu, na kazi yake ilikuwa kubeba chungu cha chuma ambamo aluminiamu huyeyushwa. Chungu kina masikio mawili ya kupitishia fimbo ya chuma, mmoja anashika huku, mwenzake anashika kule, wanakitoa kwenye tanuri na kwenda kumimina. "Basi tulipofika katikati, sikio la upande wangu likakatika. Chungu kikainama. Ile aluminiamu yote ikaingia kwenye kiatu." Alicheka kidogo. "Kiatu kikawa sufuria, mzee."

Hakuna aliyecheka naye. Mzee Benedikto alikuna kidevu. "Hilo sikio si ndilo alilolichomelea shemeji yako juzijuzi?"

Hakusema kwa ubaya. Lakini Albano alijiinua ukutani mpaka uso ukamkunjamana kwa maumivu. "Mzee wangu, shikamoo mara ya pili, ila hilo usiseme tena. Mie niliteleza. Niliteleza, chungu kikayumba, sikio likabeba uzito wote. Shemeji nilimwona kwa macho yangu mawili akilitia maji likiwa bado la moto. Chuma kilichotiwa maji kinakatika hivihivi?"

"Kilichotiwa maji, ah, hapana," alikubali mzee Benedikto, na wengine wakatikisa vichwa. Nani asiyejua? Panga ambalo halikutiwa maji hujikunja kwenye kisiki cha kwanza. Mtu akitaka kusifu jembe husema limetiwa maji likakolea, na maneno yanaishia hapo.

Gaudens, shemeji mwenyewe, alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Alimimina chai, kikombe cha kwanza kikafurika hadi kwenye kisahani. Akaomba radhi, akaliacha birika chini, akatoka uani kama mtu anayekwenda kuleta vikombe vingine. Vikombe vyote vilikuwa ndani. Alisimama karibu na kamba ya nguo mpaka mkewe, Demetria, alipomwita mara ya pili.

Ukweli wenyewe ulikuwa mfupi, na Gaudens ndiye peke yake aliyekuwa nao.

Alikuwa fundi wa kuchomelea katika karakana ya Kurbanali, Gerezani, na fundi wa kweli, si wale wa kubandika mabati. Ujuzi aliupata kwenye karakana ya reli kwa Singasinga mmoja mzee aliyeitwa Harnam, mtu mkali, asiyependa maswali. Chungu cha Sadruddin hakikuwa cha chuma cha kawaida. Kilikuwa cha kile walichokiita chuma cha moto, chuma kilichochanganywa na kromu ili kivumilie tanuri bila kuliwa na moto. Chuma hicho kina tabia zake. Harnam alikuwa amemfundisha hivi: kabla hujakichomelea, kipashe joto. Ukishakichomelea, usikiache wazi upepo ukipige. Kifukie kwenye majivu ya moto kipoe polepole, kilale humo mpaka kesho, kisha kipashe tena. "Kikipoa ghafla kinakuwa kigumu," alisema Harnam. "Watu wote wanapenda kigumu. Wewe usipende. Kigumu hakijui kupinda, na kisichojua kupinda kinakatika."

Jumamosi ile, wiki kadhaa kabla ya wageni hao, Sadruddin alimtuma Albano alete chungu Gerezani kwa mkokoteni, na maagizo kwamba kirudi siku hiyohiyo kwa sababu tanuri halilali. Gaudens alikipasha, akalichomelea sikio vizuri sana kwa fito za kuchomelea zinazotakiwa, mshono umelala kama ule wa cherehani. Mpaka hapo hakuna mtu duniani ambaye angemkosoa. Kilichobaki kilikuwa majivu na subira.

Lakini ilikuwa Jumamosi, saa za kuungama zilikuwa zinakaribia, na yeye alikuwa hajaungama tangu Kwaresima. Demetria alishamsema mara nyingi. Albano naye alikuwa amekaa juu ya mkokoteni anapiga miluzi. "Shemeji, hicho chuma unakilea kama mwari? Tia maji twende." Angeweza kumwambia ondoka, waambie chungu kinakuja Jumatatu. Neno moja tu. Badala yake alichota maji kwenye pipa kwa debe, akayamwaga. Sikio lilitoa sauti kali likafuka mvuke, na Albano akapiga makofi. Gaudens aligonga mara moja kwa nyundo, likalia kama kengele. Akanawa mikono, akakimbilia kanisani kwenda kuungama dhambi nyingine, zile ndogo.

Haraka haraka haina baraka, wanasema, ila baraka aliyoikosa Gaudens ililipwa na mguu wa mwenzake.

Kurbanali alimwita ofisini Jumatatu asubuhi. Ofisi ilikuwa kibanda cha mabati kilichogawanywa kwa ubao, na ndani yake mlikuwa na kiti kimoja tu, kwa hiyo aliyeitwa alisimama. Kurbanali alikuwa mtu mnene, mpole, aliyezaliwa hapohapo mjini, na nyumba ya Temeke alimokuwa akikaa Gaudens na familia yake ilikuwa mali yake. Mezani palikuwa na kipande cha chuma kimefungwa kwenye gunia.

"Sadruddin amenipa hiki," alisema. "Sikio lake. Ofisi ya leba wataita watu Jumatano. Nataka kukuuliza jambo, Fundi, na nitauliza mara moja tu. Kazi ilikuwa nzuri?"

Gaudens alikitazama kile kipande. Palipokatika pangemwambia mtu yeyote anayejua kusoma chuma: chembechembe kubwa zinazong'aa, hakuna hata dalili ya kujikunja, pamekatika kama kigae. Kurbanali hakujua kusoma chuma. Alikuwa anamsoma yeye.

"Ilikuwa nzuri, Seti," alisema, kwa jina ambalo mafundi wote walimwitia tajiri wao.

"Basi." Kurbanali alilisukuma gunia upande wake. "Mtu wangu akiniambia ni nzuri, mimi nitasimama na neno hilo. Sadruddin amenitukana kwenye simu, nikamwambia fundi wangu si mtoto. Pole na shemeji yako. Hiki kitupe kwenye chakavu."

Angefoka, ingekuwa nafuu. Mtu akikufokea unapata cha kushikilia moyoni, hata kama una makosa. Gaudens alichukua gunia, akashukuru, akapita kwenye rundo la chakavu bila kusimama. Alilificha chini ya sanduku lake la vifaa na siku nzima akachomelea mageti ya watu huku akijua lilipo.

Jumatano walimpeleka Albano mjini kwa kiti cha kukokotwa walichoazima. Ofisi ya leba, inayoamua mashauri ya wafanyakazi, ilikuwa na ngazi, kiti hakikupanda. Karani, kijana mtanashati aitwaye Wilbert, alitoka akasema mlalamikaji anatakiwa ndani, Bwana hawezi kumsikiliza barabarani. Basi Albano alipanda ngazi kwa makalio, moja moja, kinyumenyume, mguu wa bandeji ameunyoosha mbele, huku makarani wengine wakichungulia dirishani. Gaudens alitaka kumbeba. "Niache, shemeji," alinong'ona Albano, jasho likimtoka. "Wasije wakasema hata kukaa siwezi."

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi, na Wilbert alilieleza mara mbili ili lieleweke. Ikiwa chombo cha kazi kilikuwa kibovu, mfanyakazi atalipwa fidia. Ikiwa mfanyakazi aliumia kwa uzembe wake, basi hakuna. Albano kwa fidia ile alikuwa ameshapanga kununua cherehani ya mguu mmoja, kama alivyoiita kwa mzaha, akae barazani ashone. Bila fidia angerudi kwao mlimani kuwa mzigo wa kaka zake.

Walimpa Biblia. Bwana Leba, Mwingereza mwenye uso mwekundu, aliuliza kwa Kiingereza na Wilbert akageuza.

"Uliteleza?"

Albano aliuweka mkono bapa juu ya Kitabu. "Ndiyo, bwana. Niliteleza mimi. Naapa kwa Mungu."

"Ulikanyaga nini?"

"Sikumbuki nilichokanyaga. Ila sikio lilikuwa zima. Nililiona likitengenezwa."

Gaudens alikuwa kwenye benchi nyuma yake. Hakujua kwamba Albano angefika huko. Alidhani yale ya Jumapili yalikuwa maneno ya mbele ya wageni, ya kumstahi shemeji. Kumbe mtu huyu alikuwa ameyaamini, na sasa alikuwa anaitupa cherehani yake mbele ya serikali, mbele ya Mungu, kwa ajili ya heshima ya mshono.

Alipoitwa yeye, aliapa, na akasema. Kweli alisema. Hata baadaye, alipokuwa akijitetea mwenyewe kwa mwenyewe, alilirudia neno hilo: si nilisema?

"Nililitia maji," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Lilikuwa bado la moto, mimi nikalitia maji."

Chumba hakikushtuka. Albano aligeuka akamtazama kwa fahari. Wilbert alitikisa kichwa kukubali, kijana aliyekulia Bagamoyo na kuyajua majembe, akageuza maneno yale kwa Kiingereza chepesi kisicho na mashaka. Katika Kiingereza kile Gaudens alidaka neno moja tu, kwa sababu lilikuwa neno la karakana. Kigumu. Bila shaka karani alikuwa akisema: fundi anasema alikifanya kigumu.

"Vizuri sana," alisema Bwana Leba kwa Kiswahili chake, akaandika.

Palikuwa na nafasi. Kalamu ilikuwa bado inakwaruza karatasi. Gaudens angeweza kusema hapana, bwana, sikumaanisha hivyo, chuma hiki hakitiwi maji. Mdomo aliufungua. Halafu akamwona Kurbanali amekaa pembeni, mikono juu ya tumbo, ametulia kama mtu aliyesimama na neno na neno likasimama naye. Gaudens akaufunga mdomo. Na kilichomjia, Mungu amsamehe, kilikuwa raha. Amesema na hawakuelewa, na kosa la kutoelewa si lake. Raha hiyo aliteremka nayo ngazi, nyuma ya Albano aliyekuwa akishuka kwa makalio.

Jioni, kabla jua halijazama, walikula uani. Albano alisimulia habari za ofisi kwa dada yake, kila kitu, hata rangi ya mapazia. Fidia hakuna, alisema, lakini angalau jina la shemeji limetoka safi. "Akasimama akawaambia, nililitia maji! Mzungu mwenyewe akasema vizuri sana."

Demetria alikuwa akimega ndizi kwa mwiko. Mkono wake ulisimama. "Ulilitia maji, Baba Jovina?"

"Ndiyo."

"Lote?"

"Sikio ni dogo. Lote."

Hakuuliza zaidi. Aliwapakulia, akamsaidia kaka yake kurudi ndani, kisha akaja kuosha vyombo pale Gaudens alipokuwa amekaa. Demetria alikuwa mtoto wa mhunzi. Ndugu za Gaudens walipinga ndoa hiyo enzi zile, kwa kuwa huko mlimani watu huwaogopa wahunzi na nyundo zao, na yeye aliwajibu kwamba mtu wa chuma anafaa kuoa chuma. Albano hakumjua sana baba yake. Alipopata akili mzee alishakufa na kibanda cha uhunzi kimeota nyasi. Demetria alimjua.

"Mie ndiye nilikuwa namletea baba maji," alisema, mikono ndani ya sufuria. "Panga likitoka motoni, alikuwa anautia maji upande wa makali tu. Mkia, ule unaoingia kwenye mpini, hakuutia maji hata siku moja. Nilimuuliza kwa nini. Akasema mkia lazima ubaki laini, upinde. Ukiutia maji utakuwa mgumu, na siku panga litakapogonga mwamba litakatika mkononi limrudie mwenyewe." Alisugua masizi. "Na sikio la chungu, Baba Jovina, ni makali au ni mkia?"

Gaudens alitazama miguu yake. "Ni mkia."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Siku ileile?"

"Siku ileile. Nilikuwa nawahi kuungama."

Demetria aliitoa mikono majini akaipangusa kwenye khanga, polepole, kidole kwa kidole. Gaudens alitegemea atalia au atapiga kelele, na alitamani afanye mojawapo. "Na leo ndugu yangu alipoweka mkono kwenye Kitabu akasema aliteleza, ulikuwa wapi?"

"Nyuma yake."

"Nyuma yake," alirudia.

"Nitamwambia sasa hivi," alisema Gaudens, akainuka nusu.

"Kaa chini. Ukimwambia yeye kwanza, utakuwa umejitua mzigo wewe. Yeye utakuwa umemtua nini? Atakusamehe, namjua huyo, atakusamehe kabla hujamaliza kusema, na faili litabaki vilevile. Nenda kwanza ukaseme panapoumiza."

"Seti atanifukuza. Nyumba pia ni yake."

"Naijua nyumba ni ya nani. Nafagia kila siku."

Asubuhi Gaudens alikwenda mjini kwa miguu, gunia begani. Wilbert alimkuta mlangoni kabla ofisi haijafunguliwa na hakufurahi.

"Fundi, shauri limekwisha. Ulishatoa ushahidi."

"Nilitoa, ukaelewa vingine."

"Mimi?" Kijana alivimba. "Mimi nimekosea tafsiri?"

"Hukukosea, bwana karani. Ulisema kigumu, na ni kweli, kilikuwa kigumu. Kosa ni kwamba sikukwambia kuwa ugumu ndio ubovu wake. Nilikuona umekosa njia nikakuacha upite."

Wilbert hakuelewa, na Gaudens aliona kwamba maneno yamefika mwisho wake. Akafungua gunia. Mlikuwa na sikio lililokatika, na kipande kingine cha chuma kilekile cha moto, alichokuwa amekichomelea mwenyewe Jumatatu mchana, akakifukia kwenye majivu usiku kucha na kukipasha tena Jumanne, kwa sababu ambayo siku ile hakuthubutu kujiambia. Aliviweka kwenye ngazi ya saruji, ileile ambayo Albano aliipanda kwa makalio. Alitoa nyundo.

"Hiki nimekipoza kwenye majivu." Akapiga. Kipande kilijikunja. Akapiga tena, kikajikunja zaidi, mshono ukanyooka bila kufumuka. "Hiki nilikitia maji." Akaligonga sikio mahali ambapo mshono ulibaki mzima. Pigo moja tu, na si kali. Likapasuka vipande viwili, kimoja kikaruka hadi kwenye kiatu cha Wilbert.

Kijana alirudi nyuma. Akakiokota, akakitazama, kisha akamtazama mtu aliyesimama mbele yake na nyundo, na uso wake ukabadilika. "Fundi," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe unajua unachokifanya? Jana uliapa."

"Najua."

"Bwana anaweza kukushitaki."

"Mwite tu."

Bwana Leba hakumshitaki. Alikasirika kwa muda mrefu kwa Kiingereza, akamfanya apige nyundo tena mbele yake, kisha akaagiza Kurbanali aitwe. Ikaandikwa upya kwamba chombo kilikuwa kibovu, mfanyakazi alipwe, na karakana na kiwanda wagawane mzigo huo watakavyojua wenyewe.

Kurbanali aliisikiliza habari yote akiwa amesimama, maana safari hii kiti hakupewa yeye. Nje, kwenye kivuli cha ukuta, alivua kofia yake akajipepea.

"Nilikuuliza mara moja," alisema.

"Uliniuliza, Seti."

"Ungeniambia ni mbaya, ningelipa. Ningekukasirikia, ningelipa, na kesho ungekuja kazini. Makosa ya kazi yako nilikuwa nayaweza." Alivaa kofia. "Mwisho wa mwezi nipe ufunguo wa nyumba. Mama watoto msalimie."

Hakusema kwa hasira. Gaudens alirudi Temeke akipita Keko, na njiani watu wawili walimsalimu kwa jina la fundi. Aliwaitikia.

Albano alikuwa barazani, jua la mchana likimchoma mguu mzima. Alipomwona tu akapaza sauti: kijana wa ofisi ya leba amepita hapa kwa baiskeli, amesema fidia imekubaliwa! "Shemeji, hebu niambie, wamegeukaje wale? Umewapa nini?"

Gaudens alikaa chini kwenye ukingo wa baraza, si karibu sana. Akamweleza. Alimweleza kuhusu chuma cha moto na majivu, kuhusu Harnam, kuhusu debe la maji, na kwamba alijua tangu mvuke unapanda. Hakujipunguzia kitu. Albano alisikiliza, tabasamu likimwondoka kidogokidogo.

"Kwa hiyo sikuteleza," alisema mwishoni.

"Hukuteleza."

"Nilikuwa nawaza hospitali, usiku na mchana, nilikanyaga nini. Sikuona kitu. Sakafu ilikuwa kavu. Lakini nikasema, sikio shemeji amelitia maji, sikio haliwezi kukatika, basi kilichobaki ni mie. Nikajilaumu. Nikasema, Albano, miguu yako mwenyewe imekuponza." Alivuta pumzi. "Nikaizoea. Mwisho nikawa nakumbuka kabisa navyoteleza."

"Nisamehe, Albano. Nisamehe mguu."

"Mguu?" Albano aliutazama kama kitu cha jirani. "Mguu nimekusamehe. Ni wangu, nikitaka kuutoa nautoa. Maji mie mwenyewe nilikwambia utie, sikujua lakini nilisema." Alipoendelea, sauti haikuwa tena ya Albano wa kucheka. "Ila jana nilishika Kitabu cha Mungu nikaapa uongo. Mie sikuwahi kuapa uongo. Na wewe ulikuwa umekaa nyuma yangu, unasikia, unajua. Ungenigusa bega tu, Gaudens."

Hakuwahi kumwita kwa jina lake. Gaudens aliangalia barabara.

"Kile kiapo si changu, ni cha Mungu," alisema Albano. "Kile sijui nianzie wapi kukusamehe."

Demetria alitoka na uji kwenye bakuli mbili. Alisimama kati yao akingoja, na hakuna aliyenyoosha mkono kupokea.